Desemba Marangu, Watoto Wakiwa Wageni

Kuanzia katikati ya Desemba, barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi inakuwa ya watu wanaorudi kwao. Mabasi yanayotoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis huongezwa, na bado tiketi ni za kugombania. Treni ya abiria, iliyorudi kwenye reli hiyo Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, nayo hujaa. Magari madogo yanapita yamefungwa magunia ya mchele na magodoro juu ya keria, na vichwa vya watoto vimejipanga dirishani. Wachaga wanapanda mlimani kula Krismasi, na anayebaki mjini bila sababu ya maana huulizwa mpaka Pasaka.

Mimi si Mchaga. Ni Mbondei wa Muheza niliyeolewa Marangu, kwa hiyo safari hii nimejifunza ukubwani. Mwaka jana tuliifanya tukiwa na wageni. Wifi yangu alikuja likizo kutoka Uingereza na wanawe wawili, wa kiume wa miaka minane na wa kike wa miaka mitano, ambao walikuwa hawajawahi kufika kwa bibi yao. Wangu wana miaka saba na mitatu. Tukawapakia wote wanne kwenye Noah, tukatoka Dar kabla ya adhana ya alfajiri.

Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wengi wenye magari yao nao huona usiku ni mwepesi: hakuna jua, hakuna foleni, watoto wamelala. Sikubaliani nao. Desemba madereva wamechoka, na wengine wameanza sikukuu kabla ya kufika. Halafu mtoto aliyelala kutoka Kibaha hadi Himo hajasafiri, amesafirishwa. Mchana anaona kwamba kwa bibi ni mbali, kwamba njiani kuna watu wanaoishi na kufanya kazi, na kwamba baba na mama yake wanaona inafaa kukaa barabarani kutwa nzima ili wafike.

Baada ya Chalinze tulivuka Mto Wami kwa daraja jipya lililoanza kutumika 2022. Lile la zamani lilikuwa jembamba, la kupita magari ya upande mmoja kwa zamu, na mume wangu kila tukifika hapo lazima awasimulie watoto jinsi alivyokaa foleni akiwa mwanafunzi. Segera ndipo ninaposikia harufu ya kwetu. Kulia Tanga, kushoto Moshi, na machungwa ya Muheza yamening'inia kwenye nyavu kando ya barabara. Mtoto wa wifi alishangaa kuona machungwa ya kijani, akasema hayajaiva. Muuzaji, mama wa makamo, hakubishana naye. Alichukua moja, akalizungusha chini ya kisu mpaka ganda likatoka utepe mmoja mrefu, akalikata nusu, akampa. "Onja kwanza, mwanangu, halafu uniambie." Chungwa la pwani huiva likiwa bado na kijani chake kwa sababu halipati usiku wa baridi wa kuligeuza rangi. Nilimweleza hivyo, lakini alikuwa ameshamaliza nusu ya kwanza na mkono uko tayari kupokea ya pili.

Kutoka Korogwe mashamba ya mkonge yanakaa kushoto na kulia, na milima ya Usambara inasindikiza gari upande wa kulia mpaka Mombo na kuendelea. Tulikula Mombo. Halafu Same, jua kali na ardhi nyekundu, milima ya Upare imechukua zamu ya Usambara, na watoto wameanza lile swali la tumefika au bado.

Pale Mwanga walitakiwa waone Kilimanjaro, lakini mawingu yalikuwa yamefunika. Mlima huu haupendi kuonekana mchana. Ulijitokeza jioni tulipokunja Himo kupanda Marangu: kwanza Mawenzi yenye meno, halafu Kibo, mita 5,895, peupe kileleni. Gari likanyamaza. Yule wa kike akauliza kwa nini theluji ni kidogo kuliko ya kwenye kitabu chake. Swali lile lilinigusa, maana jibu lake ni la huzuni. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa 1912. Mama mkwe wangu anakumbuka kilele kilichokuwa cheupe kwa mapana kuliko hiki, na mjukuu wake ameona kilichobaki. Kwa hilo peke yake ningempa mzazi yeyote ushauri wa kuwaleta watoto wake mapema.

Nyumbani taa zilikuwa zinawaka na uwanja umejaa magari. Baba mkubwa alikuwa amefika kutoka Mwanza, shangazi mwingine kutoka Arusha, binamu wa mume wangu kutoka Nairobi kupitia Taveta. Watoto hawakuhesabika kwa haraka. Mama mkwe alisimama mlangoni na kanga begani, akawapokea mmoja mmoja. Wajukuu wa Uingereza walikuwa wamefundishwa shikamoo ndani ya ndege, wakaitoa vizuri. "Marahaba, mume wangu," akamwambia yule wa kiume, akamshika uso kwa mikono miwili, akautazama muda mrefu. Hakusema kitu kingine. Wifi aligeuka akaenda kushusha mizigo.

Usiku watoto walipangwa kama dagaa kwenye magodoro sebuleni, chini ya vyandarua viwili vilivyounganishwa. Marangu usiku wa Desemba ni baridi. Anayetoka Dar na kaptula peke yake atajuta. Maji ya kunywa yalichemshwa. Hayo ni mambo madogo, lakini mtoto akiugua sikukuu yote inahamia hospitali, kwa hiyo wifi na mimi tuliyasimamia bila aibu.

Siku za mwanzo mambo hayakwenda vizuri kama nilivyotarajia. Wageni wadogo walikaa kwenye kochi. Waliletewa mtori asubuhi, wakaletewa chai, wakaletewa maembe yaliyomenywa. Kila mtu mzima aliyepita aliwaonea huruma, maskini wametoka mbali, akawawekea katuni kwenye simu. Binamu zao walichungulia mlangoni, wakasita, wakarudi nje. Lugha nayo ilikuwa ukuta. Bibi anajua Kichaga na Kiswahili, wajukuu wanajua Kiingereza na maneno machache ya mama yao. Nilimwona wifi akikaa katikati ya mama yake na wanawe akitafsiri, na uso wake umechoka kuliko alivyokuwa njiani.

Aliyeondoa ukuta ni mama mkwe. Asubuhi moja alitoka nje mapema, akaita kwa sauti, watoto wote wakatoka na macho ya usingizi, wa kochi na wa uwanjani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, alisema, na akaanza kugawa. Wakubwa wakafuate majani ya ng'ombe. Wasichana wawili na mvulana mmoja wakachambue maharage. Wadogo wakaokote mayai kwenye banda na wafagie uwanja. Mjukuu wa kiume wa Uingereza akapewa kamba na binamu yake wa miaka kumi wa kumwonyesha njia.

Wifi alinitazama. Nilijua anachofikiri, kwa sababu na mimi nilikifikiri: vidole vitaumia, nyoka, upupu, shati jeupe. Mama mkwe alituona, akasema, "Mama, waacheni. Ng'ombe hajui nani anatoka Ulaya."

Walirudi baada ya muda mrefu. Yule mtoto alikuwa na kifurushi kidogo cha majani kichwani, kimefungwa kwa kamba, kimeegemea upande mmoja, na mkono wake mmoja umekishika juu kwa nguvu zote. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alipita mbele yetu bila kutusemesha, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye zizi, akakitupa ndani, akasimama kuangalia. Ng'ombe wa kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hafungwi malishoni. Anakaa bandani na kila anachokula huletwa, majani na migomba iliyokatwakatwa, na samadi yake inarudi shambani. Ng'ombe akanyoosha shingo, akavuta lile fungu, akaanza kutafuna. Mtoto akatugeukia na kusema kwa Kiingereza kwamba ng'ombe anakula majani yake. Majani yake! Tangu hapo kochi lilimkosa.

Nimefikiri sana juu ya asubuhi ile, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Sisi wazazi wa mijini na wa ng'ambo tunawaleta watoto nyumbani kisha tunawaweka kando kwa upendo. Tunawafanyia kila kitu ili wafurahi, na tunasahau kwamba katika nyumba yenye shughuli, asiye na kazi ndiye mpweke. Mtoto akipewa kazi halisi, ambayo isipofanyika kitu fulani kitakosekana mezani, anaacha kuwa mgeni. Kushika ufagio hakuhitaji mkalimani. Mimi mwenyewe nilipoolewa nilikaa sebuleni nikinyweshwa soda mpaka mama mkwe aliponipa mwiko wa machalari na kuniambia nigeuze ndizi zisishike chini. Ndipo nilipoanza kuiita nyumba ile nyumbani.

Na kazi za Desemba Uchagani ni nyingi. Mbege peke yake huanza siku kadhaa kabla: ndizi mbivu huchemshwa, huachwa zichachuke, huchujwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na wengine hutia gome la msesewa kuleta uchungu kidogo. Watoto walipewa kazi ya kuchambua ulezi na kupepea moto usizime, wakaonja utamu wa yale maji ya ndizi kabla hayajawa kileo, wakafukuzwa. Kileo chenyewe ni cha wakubwa, na ninaomba kibaki hivyo. Bado kuna mababu wanaoona fahari kumlambisha mjukuu povu la kibuyu. Si fahari. Na anayekunywa akabidhi funguo za gari kwa mwingine, maana barabara za kushuka Himo zina kona, na kila Desemba kuna familia inayozika badala ya kusherehekea.

Siku moja kabla ya mkesha tulisafisha makaburi. Wachaga huzika kwenye kihamba chao wenyewe, katikati ya migomba na kahawa, chini ya miringaringa, hatua chache kutoka mlangoni. Watoto waling'oa magugu kwenye kaburi la babu yao na la baba yake babu, wakamwagilia masale yaliyopandwa pembeni. Sale ni mmea wenye heshima kubwa huku. Ndio unaoonyesha mpaka wa shamba, ndio unaopandwa kaburini, na aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani la sale kuomba radhi, ni vigumu sana kumkatalia. Mume wangu aliwaeleza hayo akiwa amechutama, na mkono wake uko kwenye jiwe la baba yake. Mwanangu wa miaka saba aliuliza kama na yeye atazikwa hapa. Wapo wanaoona swali kama hilo halifai sikukuu. Mume wangu alimjibu kwamba ndiyo, akitaka, baada ya miaka mingi sana, na mtoto akaridhika akaendelea kung'oa magugu.

Pale makaburini unaelewa pia kwa nini safari hii ipo. Kihamba kimoja hugawanywa kwa watoto wa kiume, kisha kwa watoto wao, na nyumba ya wazazi kwa desturi huachiwa kitinda mimba. Mlima hauongezeki ukubwa. Kahawa, ambayo babu yao aliiuza kupitia KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa 1933, na akasomesha watoto wake wote kwa hiyo, leo haitoshi kulisha hata nyumba moja. Kwa hiyo watu walikwenda Dar, Arusha, Mwanza, Nairobi, Uingereza. Waliondoka kwa sababu ardhi haikutosha, na wanarudi kwa sababu ardhi ile ile ina makaburi yao.

Marangu ni ya Walutheri kwa sehemu kubwa, tangu wamisionari wa Leipzig walipokuja miaka ya 1890. Ibada ya mkesha ilikuwa ya watoto wa shule ya Jumapili: igizo la kuzaliwa Yesu, malaika wenye mabawa ya karatasi, mchungaji wa kondoo aliyesahau maneno na kusaidiwa na kanisa zima. Lakini walichokipenda wetu ni mnada wa siku ya pili, baada ya ibada ya Krismasi. Wasio na fedha huleta sadaka ya mazao, nayo hunadiwa nje ya kanisa huku tarumbeta zikipigwa. Mzee wa kanisa aliinua jogoo, akainua mikungu ya mshare, akainua kikapu cha mayai. Baba mkubwa alinunua mkungu mmoja, akaagiza unadiwe tena, ukanunuliwa na mwingine aliyempa mama mkwe. Yule msichana wa miaka mitano alimnong'oneza mama yake, akapewa ruhusa, akanyoosha mkono kwenye mayai. Watu wazima wote waliokuwa wakishindana wakanyamaza. Mzee wa kanisa akahesabu mara tatu, akampa kikapu. "Aika mae," akamwambia, yaani asante kwa Kichaga, na mtoto, aliyekuwa amelisikia neno hilo uwanjani kwa bibi siku zote zile, akajibu, "Aika." Kikapu alikibeba mwenyewe mpaka nyumbani, amekikumbatia kwa mikono miwili, hatua moja moja, na hakutaka msaada wa mtu yeyote kwenye daraja la mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba.

Mbuzi walikuwa wamechinjwa. Baba mkubwa ndiye mgawaji, kwa kuwa ndiye mkubwa wa boma, na kila sehemu ya mnyama ina mwenyewe kwa umri na kwa ukoo, hakuna anayejichagulia. Kisusio kilikuwa jikoni, ndafu juu ya makaa. Watoto walipewa kazi ya kupeleka nyama kwa majirani, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Kila mmoja aliambiwa jina la nyumba, njia ya kupita na maneno ya kusema: "Bibi ametutuma." Mvulana wetu wa Uingereza alikwenda na binamu yake, wakapotelea kwenye migomba, wakarudi wamebeba ndizi mbivu, kwa sababu mkono uliopeleka haurudi mtupu. Alikuwa anajua tayari majina ya mbwa wa nyumba tatu.

Nafupisha siku zilizofuata. Tuliwapeleka maporomoko ya Kinukamori, wakalowa. Tuliwaonyesha kwamba ni kutoka Marangu kwa Mangi Marealle ndiko msafara wa Mjerumani Hans Meyer ulikoanzia kupanda mlima 1889, na kwamba kijana wa hapa hapa, Yohani Kinyala Lauwo, anakumbukwa kama kiongozi wao. Hawakusikiliza sana. Walitaka kurudi nyumbani kabla ya wakati wa majani ya ng'ombe.

Kikao cha ukoo kilifanyika baada ya Krismasi, kama kila mwaka. Ada za watoto yatima, paa la nyumba ya bibi, mgogoro mdogo wa mpaka. Kwa mara ya kwanza wifi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichangia kwa simu, alizungumza akiwa amekaa kwenye benchi na ndugu zake, na wanawe wako nje wanasikika wakicheza kwa Kiswahili kibovu kisichomkera mtu. Aliahidi kuwaleta tena. Mama yake ana zaidi ya miaka 80. Hakuna aliyetamka hesabu hiyo, ingawa wote tulikuwa nayo kichwani.

Kwa ndugu yangu msomaji mwenye watoto wanaomjua bibi yao kupitia kioo cha simu, iwe bibi huyo yuko Marangu, Muheza, Bukoba au Mbinga: walete. Usiwalete tarehe 24 jioni na kuwaondoa tarehe 26; fika mapema, wakati kazi bado zipo, na mwambie bibi awape. Viatu vya kutembelea shambani vina maana kuliko vifaa vya kuchezea. Tiketi za Desemba ukizitafuta Desemba hutazipata, na mwenyeji wako anahitaji kujua idadi ya magodoro. Mpigie leo.